Paa Lisilo na Nguzo

Mbele ya Union Station, katikati ya jiji la Toronto, zimesimama nguzo 22 za mawe. Kila moja ina kimo cha mita 12 hivi na uzito wa tani 75, na mawe yake yaliletwa kutoka machimbo ya Bedford, jimbo la Indiana, Marekani. Jengo lilifunguliwa mwaka 1927, na hadi leo mgeni anayefika mjini haondoki bila kupiga picha mbele ya nguzo hizo. Anastahili kufanya hivyo, maana ni kazi ya watu walioijua kazi ya mawe. Lakini mimi nikifika pale huzipita, nikashuka hadi kwenye majukwaa, nikapanda treni ya mstari wa Stouffville. Huko mbele, kaskazini-mashariki ya jiji, katika vijiji vya zamani vya Unionville na Markham ambavyo sasa vimemezwa na mitaa mipya, yamebaki majengo mawili ya stesheni yaliyojengwa kwa mbao mwaka 1871. La Unionville ndilo nililolitazama kwa muda mrefu zaidi. Paa lake linatokeza nje ya ukuta kiasi cha abiria kusimama chini yake na mizigo yake bila kulowa, na kule jukwaani hakuna nguzo inayolishikilia.

Nataka kulieleza paa hilo, kisha ukuta ulio chini yake, na dirisha lililo katikati ya ukuta. Ukishavielewa vitu hivyo vitatu umeielewa stesheni ya shamba ya Ontario, na utaziona nyingine zote kwa jicho jingine.

Kwanza reli yenyewe, iliyozaa stesheni hizo mbili. Toronto and Nipissing Railway ilijengwa na watu waliohesabu kila senti. Mpigadebe wake mkubwa, George Laidlaw, aliwashawishi wafanyabiashara wa Toronto kwamba reli nyembamba ingewagharimu kidogo kuliko reli pana: injini nyepesi, madaraja mepesi, kona kali zaidi, hivyo vilima vichache vya kuchimba. William Gooderham, wa ukoo uliomiliki kiwanda kikubwa cha pombe kali mjini, alikuwa mmoja wa viongozi wake. Walichagua geji ya milimita 1,067. Msomaji wa Mbeya au Kapiri Mposhi anaifahamu geji hiyo, maana ndiyo ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi Julai 1976. Treni za Laidlaw zilileta mjini kuni, mbao na nafaka. Ziwa Nipissing halikufikiwa kamwe. Reli ilikomea Coboconk mwaka 1872. Muongo mmoja baadaye ikapanuliwa kuwa geji ya milimita 1,435, ile ya SGR tunayoijua sasa. Reli ikabadilika, wenye reli wakabadilika, injini zikakua, na majengo yale ya mbao yakabaki palepale yakiendelea na kazi. La Unionville lilipokea abiria hadi mwaka 1991, kilipojengwa kituo kipya mahali pengine. Halmashauri ya Markham ililinunua na kulikarabati, na sasa wanakijiji hulitumia kwa mikutano na sherehe. La Markham bado abiria wanaliona kila asubuhi wakingoja treni ya kwenda kazini.

Kampuni iliyobana matumizi namna hiyo ingeweza kabisa kujenga mabanda. Ndiyo maana paa lile linanivutia kuliko nguzo zote za Union Station.

Kwa nini hawakuweka nguzo? Nguzo ni njia rahisi. Nyumba zetu za pwani na za bara zenye veranda zina nguzo, na hakuna aliyewahi kulalamika. Lakini jukwaa la stesheni si veranda. Pale mikokoteni ya mizigo inasukumwa na kupishana, madebe ya maziwa yanaburutwa, magunia yanatoka upande huu kwenda upande ule, na treni ikifika watu wote wanakimbilia milango kwa pamoja. Nguzo moja iliyokaa vibaya itavunja gurudumu au bega la mtu. Tena mwenye stesheni akiwa ndani anatakiwa kuona reli pande zote mbili bila kitu kumkinga. Kwa hiyo uzito wote wa pembezoni mwa paa ulitakiwa kurudishwa ukutani.

Waliurudisha kwa mkono wa mbao. Kila mkono ni vipande vitatu. Kimoja kimesimama kikigusana na ukuta, kimoja kimelala chini ya paa, na cha tatu kimelala mshazari kikiviunganisha viwili vya kwanza, mara nyingi kikiwa kimepindwa kidogo. Ni pembetatu, na pembetatu haikunjiki. Ukitazama harakaharaka unaona pambo. Ukitazama kwa makini unaona nguvu zinavyosafiri: paa linasukuma ncha ya nje kwenda chini, kile kipande cha mshazari kinaupokea msukumo na kuupeleka kwenye mguu wa chini wa mkono, na mguu huo unausukuma ukuta. Wakati huohuo kichwa cha mkono, kule juu, kinajaribu kujing'oa ukutani. Kwa hiyo seremala alikuwa na kazi mbili zilizo kinyume katika kitu kimoja. Chini alihitaji ukuta usiobonyea, juu alihitaji kiungo kisichochomoka. Ndiyo sababu kila mkono umekaa mahali penye mhimili mnene ndani ya ukuta, si popote palipopendeza. Zile nafasi sawa kati ya mkono na mkono, zinazolipa jengo mwendo wake mzuri ukilitazama kwa urefu, zilipangwa na mifupa ya ukuta.

Mafundi wa wakati ule walikuwa na desturi nyingine ninayoipenda. Kona kali za mikono kama hii walizikata mshazari kwa randa au patasi, lakini mkato huo waliusimamisha kabla haujafika kwenye kiungo. Kona kali huchanika, hushika nguo, na rangi haikai juu yake; ikikatwa, rangi hudumu. Kwenye kiungo, hata hivyo, unahitaji mbao yote uliyonayo, basi mkato unakoma pale. Mpita njia anaona urembo wa mstari unaoanza na kuisha kwa ustadi, kumbe fundi alikuwa akihesabu mahali pa kupunguza na mahali pa kuacha.

Kisha kuna theluji. Toronto hupata takriban mita moja ya theluji katika msimu wa kawaida wa baridi, na haiji mara moja ikaondoka. Inakaa juu ya paa, inayeyuka kidogo mchana, inaganda tena usiku, inakuwa nzito kuliko ilivyoanguka. Paa linalotokeza nje bila nguzo linabeba mzigo huo mbali kabisa na ukuta, mahali pabaya kuliko pote. Mikono ya Unionville imebeba hivyo tangu mwaka 1871, zaidi ya majira 150 ya baridi.

Nilikwenda pale safari moja na mzee wa Korogwe, seremala tangu ujana wake, aliyekuja Canada kuwatembelea wanawe. Nilitaka aone mikono. Yeye hakuitazama sana. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akavaa miwani, akaweka ukucha wake kwenye pembe ya papi.

“Mbao gani hii?” akaniuliza.

“Msonobari mweupe, mzee. Misitu ya hapahapa Ontario.”

“Msonobari!” Akagonga kwa kidole. “Mwanangu, huu mti ni laini. Kwetu huu tunatengenezea masanduku. Umekaaje miaka yote hii?”

Jibu lilikuwa juu ya vichwa vyetu na chini ya ukucha wake.

Juu ya vichwa vyetu kulikuwa na paa. Mvua inayoanguka pembezoni mwa paa pana inatua mbali na ukuta, na ile inayopeperushwa na upepo inalowesha sehemu ya chini tu, nayo hukauka. Mbao hazilowi mara kwa mara, basi haziozi. Sisi wenye mninga, mvule na mkongo mara nyingi tunauachia mti wenyewe kazi ya kupambana na maji, tunajenga mapenu mafupi, halafu tunashangaa fremu ya dirisha inapooza baada ya miaka kumi. Seremala wa Unionville alikuwa na mti dhaifu, akaulinda kwa paa.

Chini ya ukucha kulikuwa na jambo jingine. Ukuta wa stesheni hii umevikwa mbao pana zilizosimama wima, na kila mahali mbao mbili zinapokutana, papi nyembamba imepigiliwa juu ya ufa. Ni namna rahisi ya kuvika ukuta, na ghala nyingi za Ontario zilivikwa hivyo. Lakini ubao haulali usingizi. Kiangazi cha Toronto kina joto la kuzidi nyuzi 30 na unyevu unaomfanya mtu wa Dar ajione nyumbani; majira ya baridi hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na ndani ya jengo kuna jiko linalowaka mchana kutwa na kukausha kila kitu. Ubao wa upana wa sentimita 30 unaweza kuvimba na kusinyaa milimita kadhaa kati ya Julai na Februari. Ukiubana pande zote mbili utapasuka katikati, na ufa huo hauzibiki tena.

Kwa hiyo ustadi wa ukuta wa namna hii uko kwenye misumari. Ubao hupigiliwa katikati ya upana wake, pembe zake zikiachwa huru. Kati ya ubao na ubao hubakizwa nafasi ndogo. Papi huwekwa juu ya nafasi hiyo, na msumari wake hupitishwa katikati ya ile nafasi hadi kwenye mbao za ndani, pasipo kuutoboa ubao wa kushoto wala wa kulia. Ukuta wote unaweza kupumua, mbao zikienda na kurudi chini ya papi mwaka mzima, na mtu aliye nje asione chochote. Mzee aliliona hilo kabla sijamaliza kueleza. Akapitisha ukucha polepole kutoka juu hadi kiunoni, papi moja, halafu ya pili.

“Huyu aliijua mbao,” akasema. “Hakuifunga. Ameiacha itembee.”

Papi hizo zinafanya pia kazi ya macho, nayo si ndogo. Stesheni ni jengo refu na la chini. Mistari ya wima inayojirudia inalipa urefu wa kwenda juu, na jua likiwa upande mmoja kila papi inatupa kivuli chembamba, ukuta mtupu ukapata uhai bila kuchongwa ua hata moja. Karne ya 19 ilikuwa na mtindo mzima wa majengo ya namna hii Amerika Kaskazini, maseremala wakiiga kwa mbao uwima wa makanisa ya mawe ya Ulaya. Naamini walifanya vizuri kuliko mawe yenyewe, kwa sababu hapa uwima una kazi: maji hushuka kwa kufuata mbao, hayakutani na kiungo cha mlalo cha kukalia.

Sasa dirisha. Stesheni za shamba, iwe Ontario, Manitoba au mbali zaidi, zina sehemu ya ukuta inayotokeza kuelekea reli ikiwa na vioo pande tatu. Hapo ndipo alipokaa steshenimasta, ambaye katika stesheni ndogo alikuwa pia mkata tiketi, mpokea mizigo na mtu wa telegrafu. Meza yake iliwekwa ndani ya dirisha hilo. Akiinua macho anaona jukwaa. Akigeuza shingo kushoto anaona reli hadi inapopotea. Akigeuza kulia vivyo hivyo. Hakuhitaji kusimama wala kuondoa mkono kwenye kifaa cha telegrafu. Karibu naye palikuwa na wenzo wa kupandisha na kushusha mkono wa ishara nje ya jengo, wa kumwambia dereva apite au asimame kupokea amri. Amri ilikuja kwa telegrafu kutoka makao makuu, ikaandikwa kwenye karatasi nyembamba, na kama treni haikuwa ya kusimama, steshenimasta alitoka jukwaani akainyanyua karatasi hiyo kwenye fimbo yenye pete, msaidizi wa dereva akainyakua kwa mkono treni ikipita. Kosa moja katika amri hizo lilikutanisha treni mbili kwenye njia moja. Mwaka 1863 kijana wa miaka 16 aliwahi kuifanya kazi hiyo zamu ya usiku Stratford, magharibi ya Toronto. Jina lake Thomas Edison.

Dirisha lile basi ni kifaa cha usalama, na mchoraji alilichukulia hivyo. Upana wa pande zake, kimo cha vioo kutoka sakafuni na pembe ya kutokeza vinafuata jicho la mtu aliyekaa. Mara nyingi paa la juu yake limeinuliwa likafanya pembetatu ndogo, na pembetatu hiyo ndiyo inayokuonyesha ukiwa mbali kwamba hii ni stesheni, si ghala. Milango nayo inasomeka kutoka nje: mdogo ni wa watu, mkubwa wa kusukuma kando ni wa mizigo. Ndani ni vyumba vichache vilivyopangwa kwa safu, jiko la kuota moto, mabenchi, dirisha la tiketi. Huko sina mengi ya kusema. Majengo mengi yalibomolewa na kupangwa upya kwa ndani, na uzuri wake mkubwa uko nje, ambako ndiko kazi ilikokuwa.

Ukiendelea na reli hiyo ya zamani kuelekea kaskazini utafika Uxbridge. Stesheni iliyopo pale ni ya mwaka 1904, wakati reli imekwisha kuwa mali ya Grand Trunk, na hapo seremala alipewa nafasi ya kuonyesha uwezo wake. Ncha moja ya jengo ni ya mviringo, na juu yake limepanda paa la pia lenye kilele kikali. Mtu wa Bukoba au Buganda akiliona atasema msonge, na hatakosea sana. Msonge wetu hupanda kwa fito zinazopindika na kufungwa kwa kamba, na pete za fito ndizo zinazoulazimisha uwe duara. Kule Uxbridge kila boriti ya paa imenyooka, na zote zinatakiwa kukutana katika nukta moja juu. Boriti nyingi haziwezi kuingia mahali pamoja bila kukatwa, kila moja kwa pembe yake, la sivyo kilele kinakuwa fundo. Kisha mbao za kuvika paa, ambazo kwa asili zimenyooka, zinatakiwa kuzunguka duara linalopungua kila hatua moja ya kupanda. Vigae vya juu havina budi kuwa vyembamba kuliko vya chini. Si kazi ya kubahatisha. Yote hayo kwa ajili ya chumba cha kungojea treni katika mji mdogo wa wakulima.

Wapo wanaosema majengo haya hayana thamani kubwa kwa kuwa yalichorwa kwa mtindo mmoja, mchoro uleule ukirudiwa kijiji hadi kijiji na ofisi ya michoro ya kampuni. Ni kweli kampuni za reli zilikuwa na michoro ya jumla. Sikubaliani na hitimisho lao. Mchoro wa jumla ulimpa fundi wa kijijini kazi iliyokwisha kufikiriwa vizuri na watu waliojenga stesheni nyingi kabla yake, waliokwisha kuona wapi maji yanaingia na wapi mkokoteni unakwama. Kilichobaki kwake kilikuwa kuchagua mbao, kukata na kuunga. Matokeo ni kwamba kijiji chenye kaya chache kilipata jengo lililofikiriwa kwa kina sawa na la mji mkubwa.

Jambo jingine la mbao ni kwamba jengo la mbao lililoungwa vizuri linaweza kuhama. Mifupa yake imeshikana pande zote, ukiinyanyua kutoka chini inakuja nzima. Stesheni ya King, kaskazini ya Toronto, ilijengwa mwaka 1852 kwa ajili ya reli ya kwanza iliyotoka jijini, ambayo treni yake ilianza safari tarehe 16 Mei 1853. Inahesabiwa kuwa stesheni ya kale kuliko zote zilizosalia Canada, na leo haipo ilipojengwa. Iko kwenye viwanja vya makumbusho ya King. Na kama huna muda wa kutoka mjini, nenda Roundhouse Park, chini ya CN Tower, mbele ya karakana ya injini ya mviringo yenye vyumba 32. Hapo kuna stesheni ndogo ya mbao ya Don, iliyojengwa na Canadian Pacific mwaka 1896, mwaka uleule reli ya Uganda ilipoanza kutandikwa Mombasa. Ilisimama kando ya mto Don, karibu na barabara ya Queen. Mwaka 1969 ilihamishiwa Todmorden Mills, mwaka 2008 ikahamishwa tena hadi ilipo sasa, na mafundi wa makumbusho ya reli wakairudishia hali yake. Watoto hukata hapo tiketi za treni ndogo ya kuzunguka bustani.

Majengo haya hayakuokoka kwa bahati. Siku moja ya Novemba 1982, Canadian Pacific iliibomoa stesheni yake ya West Toronto, ya mwaka 1911, bila kibali na bila kuwaambia wakazi waliokuwa wakijadiliana juu ya kuihifadhi. Hasira iliyofuata ilivuka mipaka ya jiji. Mwaka 1988 Bunge la Canada likapitisha sheria ya kulinda stesheni za urithi, inayoizuia kampuni ya reli iliyo chini ya serikali kuu kubomoa, kuuza au kubadili stesheni iliyotajwa kuwa ya urithi bila idhini. Jengo moja lilipotea, mengi yakapata ngao.

Nimeyasema haya yote kwa sababu ya nyumbani. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914, na njia nzima ina stesheni za mawe na matofali ambazo mafundi wake walifikiria jua na mvua za masika kwa makini yaleyale. Upande wa Kenya na Uganda, stesheni nyingi ndogo za mwanzo zilikuwa za mbao na mabati, na baadhi zimesimama hadi leo. Tangu mwaka 2017 SGR inawapitisha abiria wa Mombasa na Nairobi mbali na stesheni hizo, na tangu 2024 hali ni hiyohiyo kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Nairobi ina makumbusho ya reli tangu 1971, nayo imefanya kazi kubwa ya kutunza injini na mabehewa. Majengo ya njiani ndiyo yenye hatari. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ya mwaka 1964, inayalinda yenyewe majengo ya kabla ya mwaka 1863. Stesheni zetu zote ni za baada ya hapo, kwa hiyo hazina ulinzi mpaka zitangazwe moja moja.

Kutangaza kunahitaji kumbukumbu, na kumbukumbu inahitaji mtu wa kupima. Kama unaishi karibu na stesheni ya zamani ya geji ya mita ambayo treni haisimami tena, nenda na futi kamba, daftari na fundi seremala au mwashi unayemwamini. Pimeni mapenu yanatokeza kiasi gani, paa limeshikwaje, milango ina upana gani, mbao ni mti gani. Pigeni picha za viungo, si za uso wa jengo peke yake. Waulizeni wazee waliofanya kazi pale kila chumba kilikuwa cha nini. Kisha pelekeni nakala kwa ofisa utamaduni wa wilaya na kwa Idara ya Mambo ya Kale, au kwa National Museums of Kenya kama mko huko, na nyingine mbaki nayo. Fanyeni hivyo mapema, kabla mabati hayajang'olewa, kwa sababu paa likishaondoka kuta hazikai misimu mingi ya mvua.